Bimkubwa kavunjika nyonga, wanasema tusubiri presha ishuke. Tusubiri mpaka lini?

Kijana wa Nyakato

Wakuu habari za jioni. Naomba tusaidiane, hasa nyie wa kada ya afya na yeyote aliyewahi kuuguza mzee aliyevunjika nyonga.

Bimkubwa ana miaka 76. Ni mtu wa presha siku nyingi, dawa anakunywa, sukari hana. Kabla ya hapa alikuwa anaenda shamba mwenyewe na kurudi na kuni kichwani, tukimkataza anacheka. Jumapili usiku katoka kwenda chooni, choo chetu kiko nje, ndala ikateleza pale kizingitini akaangukia ubavu wa kushoto. Kunyanyuka hakuweza. Mguu ukawa umelala kwa nje, unyayo unaangalia ukutani, na ukiweka visigino pamoja ule wa kushoto unaona kabisa ni mfupi. Wilayani wakapiga eksirei wakasema nyonga, wakatupa rufaa ya mkoani, tuko hapa tangu Jumatatu na leo ni Jumatano.

Sasa daktari wa mifupa anasema operesheni. Mtu wa usingizi anasema presha iko 168 kwa 95 ishuke kwanza, halafu apimwe moyo kwa ile eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na mpimaji kasafiri mpaka wiki ijayo. Kwa sasa mguu umefungwa bandeji na kamba, uzito unaning'inia miguuni pa kitanda. Mjomba anasema mtu wa miaka 76 hapasuliwi, tumtoe kuna mzee kijijini anaunga mifupa. Dada yangu yuko Dar anasema sote tunapoteza muda, apelekwe Bugando, hospitali ya kanda ya Mwanza, au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili Dar. Kila mtu ana lake na mimi ndo niko hapa nabadilisha pempasi.

Nachotaka kujua: hivi kusubiri wiki nzima kuna madhara gani kweli? Je tushachelewa? Na nusu kaputi kwa umri huu si ndo tunampeleka wenyewe? Akipona atatembea tena au ndo basi?

Mzee wa Mizizi

Pole sana kijana. Mimi nasimama na mjomba. Mifupa ilikuwa inaungwa kabla hospitali hazijaja. Kwetu yupo mtaalamu, anachua kwa mafuta, anafunga vijiti na kamba ya mgomba, wiki chache mtu yuko juu. Wengi wanaingia tieta, chumba cha upasuaji, na hawatoki. Mtoeni mama mapema.

Dokta Bila Koti

Mzee wa Mizizi shikamoo, mkono na mundi wa mtoto sikatai, vijiti vinaweza kuutuliza mfupa mpaka uunge wenyewe. Nyonga hapana. Huwezi kuifunga vijiti, imezikwa ndani ya nyama nzito, na ukichua paja lililovunjika pale unasogeza vipande na kuchokoza damu ivujie ndani. Naomba kwa hili mama asichuliwe.

Mkuu mleta mada, mimi niko wodi ya mifupa, hospitali sitaji. Kuna kitu hujaandika na ndo kinaamua karibu kila kitu: kavunjika wapi hasa? Tunasema nyonga kwa ujumla ila kuna sehemu mbili. Kuna shingo ya mfupa wa paja, pale karibu na kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha kiuno, na kuna chini ya shingo, kwenye vinundu viwili ambapo misuli inashika. Ikivunjika shingo na vipande vikaachana, mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa inakatika, na kichwa kisicho na damu ni tawi lililokatwa, kwa mzee hata umlaze miezi sita nafasi ya kuunga ni finyu mno. Hapo kinatolewa anawekewa nusu nyonga bandia, au nzima kama alikuwa mkakamavu. Ikiwa ni chini ya shingo, damu ipo na mfupa unaunga, ila ukiuacha hivihivi unaunga umepinda na mguu unabaki mfupi, kwa hiyo tunaweka chuma, ama skrubu kubwa na bamba la pembeni, ama msumari ndani ya mfupa. Muulize daktari kesho asubuhi kwenye raundi, akuonyeshe kwenye filamu kwa kidole.

Na huo uzito unaoning'inia, ulizeni ni wa nini. Kama ni wa kusubiria tieta, tafiti zikijumlishwa hazionyeshi kwamba unapunguza maumivu kuliko mto mzuri tu chini ya mguu. Kama ndo tiba yenyewe basi mjue mnaongelea wiki 6 mpaka 12 kitandani chali, na mzee kinachomuua hapo sio mfupa, ni nimonia, damu kuganda miguuni ikapanda kwenye mapafu, na vidonda vya kulalia. Kuna wagonjwa wachache kweli hawafai kupasuliwa, waliokuwa mahututi tayari kabla ya kuanguka. Mama aliyekuwa anabeba kuni simuoni humo.

Kuchelewa: hamjachelewa. Tunapenda mapema lakini hata wiki ikipita operesheni bado ina faida kuliko kumuacha alale. Asikudanganye mtu kwamba muda ushapita kwa hiyo basi.

nesi_wa_ughaibuni

Kaka pole. Mimi ni nesi Uingereza, wodi ya wazee waliovunjika nyonga, kazi yangu ya kila siku ni hii. Huku mwongozo wa taifa tangu 2011 unasema operesheni ifanyike siku ileile aliyolazwa au kesho yake, na hospitali zinapimwa kwa saa 36, ukivuka hela ya ziada kwa mgonjwa yule hamuipati, ndo maana utaona watu wanakimbizana. Marekani wanasema ndani ya saa 24 mpaka 48.

Kuna utafiti mkubwa wa Ontario kule Canada ulitoka 2017, wagonjwa zaidi ya elfu 42, wakaona hatari inaanza kupanda baada ya saa 24 hivi. Waliofanyiwa mapema walikufa 5.8 kwa kila 100 ndani ya mwezi, waliochelewa 6.5. Ukiangalia utaona tofauti ni ndogo, sio kwamba saa ya 25 mtu anakufa. Halafu 2020 ukatoka mwingine wa nchi 17 wagonjwa karibu elfu 3, kundi moja waliingizwa tieta baada ya wastani wa saa 6, kundi la pili baada ya wastani wa saa 24, vifo vikawa sawasawa tu, ila wale wa haraka walioweweseka walikuwa wachache zaidi, wakasimama mapema na wakatoka hospitali mapema. Kwa hiyo mimi simwambii mtu akimbizane na saa, lakini kulala wiki nzima unasubiri mtu wa eko arudi safari ni habari nyingine kabisa.

Sasa hiyo presha. Wataalamu wa usingizi wa huku walishaandika orodha ya mambo ambayo ni halali kuchelewesha mgonjwa wa nyonga: damu chini ya 8, sodiamu chini ya 120 au juu ya 150, potasiamu chini ya 2.8 au juu ya 6, sukari iliyopanda hovyo, moyo ulioshindwa kazi na maji kujaa mapafuni, mapigo yanayokimbia zaidi ya 120 ambayo yanarekebishika, maambukizi ya kifua yaliyosambaa, na dawa za kuyeyusha damu ambazo nguvu yake inahitaji kuondolewa kwanza. Presha ya 168 kwa 95 haimo. Tena mtu aliyevunjika nyonga ana maumivu, ana hofu, halali, presha itaachaje kupanda? Tulizeni maumivu kwanza muone. Kuna sindano ya ganzi inachomwa kwenye kinena inapooza lile paja, ulizeni kama ipo, na parasetamo kwa saa zake sio akilia ndo apewe. Diklofenaki mimi simpi mzee wa presha, inabana figo na inaipandisha presha yenyewe.

Eko nayo mwongozo wa huku unasema isiwe sababu ya kuahirisha. Wakisikia sauti isiyo ya kawaida kwenye moyo wanatoa usingizi kwa tahadhari kana kwamba valvu ya moyo imebana, basi. Simfundishi kazi mtu wa usingizi wa hapo, yeye ndo anamuona mgonjwa na yeye ndo atabeba lawama, ila muulize kwa heshima: tunasubiri kitu gani, kikipatikana kitabadilisha nini, na kama hakibadilishi kitu kwa nini tunasubiri.

Kuhusu nusu kaputi, sio lazima. Ganzi ya mgongo ipo na Tanzania inatumika sana. Walilinganisha kwa watu 1600 Marekani na Canada, matokeo yakatoka 2021, baada ya siku 60 waliokufa au kushindwa kutembea walikuwa karibu sawa kwa njia zote mbili. Chagueni ile ambayo huyo mtaalamu wenu ameizoea.

Mzee wa Mizizi

Marahaba daktari. Lakini hizo takwimu ni za wazungu wenye mashine zao. Huku kwetu je?

Dokta Bila Koti

Swali la haki hilo. Huku wengi wanafika wamechelewa, wengine wamepitia kwanza kwa mtaalamu, chuma kinanunuliwa, damu inasubiri ndugu wachangie. Lakini mzee akilala chali mapafu yake hayajui yuko Mwanza au London. Na vifaa havijakosekana kabisa, kuna misumari ya SIGN, hao ni shirika la Marekani linazipa hospitali nyingi za nchi kama yetu, ilitengenezwa makusudi iwekwe hata kama tieta haina eksirei ya kuonyesha picha papo hapo.

Suala la kuhamisha: dada wa Dar ana nia njema ila msiondoke kichwakichwa. Barabara na nyonga iliyovunjika ni mateso, na mkifika mnaweza kuanza foleni upya. Kama daktari wa mifupa hapo yupo na yuko tayari na chuma kinapatikana, mfanyieni hapo. Kama hakipo, daktari apige simu kwanza Bugando ajue lini wanampokea na lini anaingia tieta. MOI kutokea huko mimi singempeleka kwa mvunjiko wa kawaida.

Na nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali leo leo, mzee wa zaidi ya miaka 60 asiye na uwezo ana msamaha kisera, mwulize unafika mpaka wapi maana chuma mara nyingi ndo kinabaki kwa familia. Ndugu wawili watatu wakachangie damu kabla hamjaambiwa.

mama_wawili

Kaka mimi nimemuuguza baba mkubwa, yeye aliwekewa uzito akalazwa hivyohivyo maana familia iligoma kisu. Mfupa sijui kama uliunga. Nachojua ni kidonda, hapa juu ya makalio kwenye mfupa wa mkia, kilianza ni wekundu tu wa ukubwa wa sarafu, tukadhani joto la shuka, wiki iliyofuata ngozi ikawa nyeusi na ikifunikwa unaisikia harufu ukiwa mlangoni. Mgeuzeni mama kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na visigino visiguse godoro, weka mto chini ya shavu la mguu kisigino kining'inie hewani. Manesi hawatoshi, msisubiri wafanye wao.

Na chakula jamani. Alikuwa anaambiwa asile tangu jioni kwa ajili ya tieta, saa nane mchana wanasema leo imeahirishwa, kesho tena hivyohivyo. Mzee anakauka.

nesi_wa_ughaibuni

mama_wawili umenikumbusha kitu cha maana sana. Chakula ndo kinasimama saa 6 kabla, maji matupu anaruhusiwa mpaka saa 2 kabla, na ikiahirishwa apewe kula saa hiyohiyo. Kaka mwambie nesi wa zamu akuambie mama ni wa ngapi kwenye orodha ya tieta, akiwa wa mwisho hakuna sababu ya kushinda na njaa tangu usiku.

Kijana wa Nyakato

Asanteni mno wakuu. Nimeuliza leo kwenye raundi. Ni shingo, na vipande vimeachana, daktari kanionyesha, kichwa kiko pale na paja limepanda juu. Damu yake 10.1, potasiamu wamesema haina shida. Nikauliza lile swali la dada nesi kwamba eko ikija itabadilisha nini, yule wa usingizi akacheka kidogo akasema una watu wanakufundisha wewe, akamsikiliza moyo tena, akasema atachoma ganzi ya mgongo, eko tusahau. Nusu nyonga ipo, tunachangia. Wameandika Ijumaa. Mjomba kaondoka bila kuaga lakini atarudi namjua.

Dokta Bila Koti

Safi. Jumamosi asubuhi asimame. Nasema Jumamosi, sio wiki ijayo. Nusu nyonga inabeba uzito wote siku ileile, mfupa hausubiriwi kuunga maana umeshatolewa. Watu wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, kama wikiendi hawapo mwombe nesi amkalishe pembeni ya kitanda miguu ikigusa chini, kisha kwenye kiti, kisha hatua tatu na fremu ya kutembelea. Dawa ya maumivu apewe nusu saa kabla. Na ulizia sindano ya kuzuia damu kuganda, ile ya tumboni, wengi wanaendelea nayo kama mwezi.

Kijana wa Nyakato

MREJESHO. Operesheni imefanyika Ijumaa mchana, katoka anaongea. Jumamosi kakaa, kasimama na fremu, kapiga hatua mpaka dirishani huku anamsema nesi kwamba ana mikono ya baridi. Tukafurahi. Sasa usiku ndo balaa, anamwita shangazi ambaye alifariki zamani, anasema kuku wameingia ndani, kachomoa kanula ya dripu damu ikamwagika shuka zima, mimi hanijui ananiita baba. Asubuhi anakuwa afadhali. Mjomba karudi anasema ni mambo ya kwetu, kuna mtu anamchezea. Wakuu hii ni ile dawa ya mgongo imepanda kichwani au ndo akili imeenda?

nesi_wa_ughaibuni

Kaka tulia, hiyo naiona karibu kila zamu. Ni kuweweseka baada ya operesheni, inawapata wazee wengi sana wa nyonga, inakuja na kuondoka, usiku inazidi. Wengi inaisha kwa siku chache, wengine inakokota wiki kadhaa. Sio mashetani na sio dawa ya mgongo. Ila ina kisababishi, kitafuteni: ana homa? anakohoa? mpira wa mkojo bado upo? kama upo waombe utoke haraka maana unaleta maambukizi. Amepata choo tangu aanguke? Haja kubwa ikikwama siku nne tano peke yake inatosha kumvuruga mzee, na dawa za maumivu kama tramado zinafunga tumbo na kuvuruga kichwa kwa pamoja, uliza kama anapewa. Anakunywa maji? Oksijeni yake ikoje?

Halafu mpe miwani yake kama anavaa. Taa ndogo usiku. Mtu mmoja anayemjua akae naye, sio kundi zima la kumuombea kwa sauti kila saa. Usibishane naye habari ya kuku, mwambie nimeshawafukuza, mshike mkono. Msimfunge kamba kitandani hata kama mtu atawashauri.

Ila akiwa analala tu mchana kutwa, haamshiki vizuri, hata kama hasumbui mtu, hiyo ndo mbaya zaidi, mwite daktari. Anayelala kimya watu wanadhani anapumzika.

Mzee wa Mizizi

Kumbe. Marehemu mama yangu alifanya hivyohivyo, tukachinja mbuzi.

Kijana wa Nyakato

Choo hajapata tangu Jumapili ile ya kuanguka. Na tramado anapewa. Naenda kuwaambia sasa hivi.

Siku tatu baadaye: wamebadilisha dawa, wakampa ya kulainisha, tumbo limefunguka, na juzi usiku kalala. Leo kaniuliza nani anakamua ng'ombe. Wanasema wiki hii tunaweza kuruhusiwa. Niambieni ukweli, atarudi shamba?

Dokta Bila Koti

Ukweli ni huu. Wengi hawarudi asilimia mia kama walivyokuwa. Hata kwenye nchi tajiri kati ya 20 na 30 kwa kila 100 wanakuwa wamefariki ndani ya mwaka, wengi kwa magonjwa waliyokuwa nayo tayari. Lakini huyo wako ana vitu viwili vinavyobashiri vizuri, alikuwa anatembea mwenyewe kabla na kasimama siku ya pili. Nguvu kubwa inarudi miezi 3 mpaka 6 ya mwanzo, halafu polepole mpaka mwaka. Kutoka fremu kwenda mkongojo mmoja, mkongojo unashikwa mkono wa upande mzima, sio upande wa operesheni, watu wanakosea kila siku. Kuni kichwani sahau. Kwenda shamba kukaa chini ya mwembe na kuwapangia wengine kazi, hilo naliona.

Mlisheni. Mayai, dagaa, maharage, maziwa kama mna ng'ombe, misuli ya paja ndo inambeba. Na kavunjika kwa kuanguka kwa kimo chake tu, hiyo maana yake mifupa ni mepesi na nyonga ya pili inasubiri zamu. Kuna dripu ya mara moja kwa mwaka inaitwa asidi ya zoledroniki, utafiti wa 2007 waliopewa baada ya nyonga kuvunjika walipungukiwa na mivunjiko mipya kwa asilimia 35 na vifo kwa 28. Mjini kwenye hospitali kubwa ulizieni, wapime figo na kalsiamu kwanza na apate vitamini D. Na macho yake yapimwe, mtoto wa jicho anaangusha wazee wengi.

mama_wawili

Hakuna aliyegusia choo cha nyumbani. Kaka choo chenu si cha kuchuchumaa? Mwenye nyonga bandia kuchuchumaa hapana, inaweza kuchomoka, magoti yasipande juu ya kiuno, wala vigoda vya jikoni, wala kukunja nne. Mto katikati ya mapaja akilala ubavu.

Kijana wa Nyakato

Ni cha kuchuchumaa ndiyo. Na kiko nje. Tufanyeje, hivyo viti vya choo vya hospitali bei yake sio ya kwetu.

mama_wawili

Sisi tulichukua kiti cha plastiki chenye mikono, kile kigumu sio cha elfu nane, fundi akatoboa duara pale pa kukalia akasugua kingo zisikate, chini ndoo yenye mfuniko. Kiko chumbani usiku, hatoki nje. Kiwe kirefu, akikaa nyayo zikanyage chini vizuri na magoti yawe chini ya kiuno, kikiwa kifupi pigieni mbao chini ya miguu yote minne na mkiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Mjomba si anajua useremala? Mpe hiyo kazi.

Kijana wa Nyakato

Anajua. Nampigia.